Viti Vilivyokatwa Miguu

Tulimwita Bi Polepole, na yeye alijua, wala hakujali. Jina lilimkaa kwa sababu neno hilo ndilo lililokuwa likimtoka mdomoni tangu anapoingia getini mpaka anapotoka. Polepole, bibi, hapo pana maji. Polepole, mzee, shika ukuta. Polepole na hiyo sufuria, dada mpishi, mvuke unaunguza. Dada mpishi ndiye mimi. Nilikuwa nimepika katika nyumba ile ya wazee miaka mingi kabla yeye hajapewa usimamizi, sufuria zangu zinanijua, lakini polepole yangu nilipewa kila siku kama wengine.

Alikuwa mwembamba, mwepesi, mwenye haraka, jambo ambalo kwa mtu wa jina lile lilituchekesha. Mikono yake haikutulia. Akipita ukumbini atagusa kila kitu: vitasa, vyuma vya kushikilia ukutani, swichi, paji la uso la bibi aliyesinzia. Akifungua bomba la bafuni anatia kiwiko kwanza kupima joto la maji, anatia tena, kisha anamwita mhudumu naye atie chake. Jioni anaaga, anafika kituoni, anakumbuka dirisha, anarudi. Mumewe alipokuja kumchukua siku moja alituambia kwamba nyumbani hali ni hiyo hiyo, jiko likishazimwa linazimwa tena, na yeye ameshazoea kulala na mwanamke anayeamka kuhakikisha kama mumewe anapumua. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Bi Polepole hakucheka.

"Kwani kuhakikisha kuna ubaya gani?" aliuliza.

Hofu yake ilikuwa na chanzo. Mama yake mzazi aliteleza bafuni, nyumbani, mchana wa kawaida tu, wakati binti yuko kazini akiwashika mikono mama za watu. Nyonga ikavunjika, akalazwa, mapafu yakajaa, hakurudi. Tangu hapo Bi Polepole akawa anasikia mtu akianguka hata pasipo na mtu. Kijiko kikidondoka jikoni kwangu anakuja mbio, mkono kifuani, macho yamemtoka. Namwonea huruma ninaposimulia, lakini wakati ule alikuwa akinikera, nisiseme uongo.

Baba yake alibaki peke yake, basi akamleta kwetu, kwenye chumba cha jirani na ofisi yake, ili akiinua macho tu amwone. Mzee huyo alikuwa tarishi wa serikali enzi zake, mtu wa kubeba mafaili kutoka ofisi hii kwenda ile, ngazi juu ngazi chini, na miguu yake ndiyo iliyolisha na kusomesha watoto. Tulimwita Mzee Tarishi. Umri ulikuwa umeenda lakini alitembea. Mkongojo alikuwa nao, ila aliubeba kwapani. Alikwenda chooni mwenyewe, alikwenda bwaloni kula mwenyewe, na kila asubuhi alikuja mpaka mlangoni mwa jiko langu kudai ukoko.

"Mkwe," ananiita, eti alikuwa na mpango wa kuniozesha mwanawe wa mwisho, ambaye ana mke na kipara. "Ukoko wangu uko wapi?"

"Na meno ya kuutafuna umeyaazima kwa nani?"

Hapo ndipo siku yangu ilipoanzia. Akishapata ukoko wake anaondoka nao anaumung'unya, anapita ukumbini akisalimia kila mtu kana kwamba ana barua zao.

Bi Polepole alipewa jina la bibi yake, mama wa mzee, ndiyo maana baba yake alimwita "mama". Akimwona baba yake amesimama anamkimbilia kumshika kiwiko, na mzee anamwambia, "Mama, nimeshakua. Niache nitembee." Naye kwa sauti ya kubembeleza, "Basi polepole, baba." Wazee wa ukumbini waliyasubiri mazungumzo hayo kama kipindi cha redio.

Mambo yaliharibika mwaka ambao wazee wetu walianguka mfululizo. Bibi mmoja alianguka akishuka kitandani, akafuata babu aliyekanyaga suruali yake mwenyewe, na kabla hatujapumua mwenzao akavunjika nyonga kwenye korido. Wakaguzi wa nyumba za wazee wakaja. Walipita kila mahali, wakapima, wakauliza, na mwisho wakatuita wote wakasema bila kuzungusha maneno: katika nyumba hii wazee wanaanguka kupita kiasi. Tutarudi. Tukikuta hali ni hii hii, leseni inafutwa na wazee wanahamishwa.

Maneno hayo yalimwingia Bi Polepole mahali pabaya. Wahamishwe wapi? Nyumba nyingine zilikuwa zimejaa. Baba yake angerudi nyumbani, kwenye bafu lile lile, mchana kutwa bila mtu. Kuanzia siku ile alikuwa akisukuma wali pembeni mwa sahani bila kuula. Niliinama kuchukua sahani yake, akanishika mkono.

"Dada mpishi, baba yangu naye akianguka, nitakuwa nimewaua wote wawili."

Nikamwambia aache maneno ya kujitakia mabaya. Kisha nikairudisha sahani mbele yake.

Akaingia kazini. Kila kilichotajwa kwenye viwango vya usalama alikitekeleza, na hapo nampa haki yake. Fundi wetu wa matengenezo, mtu mnene mwenye masihara mengi, alikaza vyuma vya ukutani, akatandaza mipira ya kuzuia kuteleza bafuni, akabadilisha balbu zote za korido. Ndala zilizolegea zikatupwa. Suruali ndefu zikapindwa. Sakafu ikawa inakaushwa mpaka nikaogopa kupita na ndoo. Hata hivyo roho yake haikutulia, kwa sababu wazee waliendelea kufanya kile kile kinachoangusha watu, yaani kusimama.

"Kumfunga mzee kwenye kiti ni marufuku," alitukumbusha kikaoni, ingawa hakuna aliyekuwa amependekeza. "Sheria inakataza, na mimi sivunji sheria."

Sasa, ukumbini palikuwa na kiti kimoja kibovu. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imeoza kwa unyevu ikaliwa, kwa hiyo aliyekikalia aliegemea nyuma kidogo, magoti juu. Babu mmoja aliwekwa kwenye kiti kile akakaa asubuhi nzima bila kuinuka. Si kwamba hakutaka. Ukikaa hivyo uzito wote unakwenda mgongoni, na kama mikono haina nguvu huwezi kujivuta mbele. Sisi wengine tuliona kiti cha kutupwa. Bi Polepole alisimama akakitazama, akaenda, akarudi, akakitazama tena.

Wiki ile ile nikasikia msumeno nyuma ya jiko. Fundi alikuwa amepanga viti vya ukumbini uani, amevilaza kifudifudi, anakata miguu ya nyuma. Hakukata sana. Upana wa vidole viwili hivi, kisha anapiga msasa na kurudishia vile vifuniko vya mpira chini ili kazi isionekane.

"Fundi, viti vimekukosea nini?"

"Mimi natumwa tu, dada. Eti vikae kibosi."

"Kibosi ndiyo vipi?"

"Wewe umeshamwona bosi gani anasimama?"

Akacheka, nami nikacheka, nikarudi kwenye vitunguu vyangu.

Na ikafanya kazi. Wazee wakakaa. Asubuhi wanatolewa vyumbani, wanawekwa, na wanabaki pale walipowekwa. Chakula kikawa kinapelekwa kwenye viti kwa sinia, kazi juu ya kazi, na bwalo langu likabaki tupu, meza zinakula vumbi. Nikanung'unika, nani anisikilize? Hakuna aliyeanguka. Wiki ikapita, ikapita nyingine, hakuna aliyeanguka. Bi Polepole akaanza kumaliza wali wake.

Mzee Tarishi hakukubali kirahisi. Siku ya kwanza alijitupa mbele mara kadhaa, ameshika mikono ya kiti, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mama, kiti hiki kinanivuta."

"Kinakupumzisha, baba."

"Sijaomba kupumzika."

"Ukitaka kwenda popote inua mkono tu, tutakuja."

Akainua mkono hapo hapo. Wahudumu wawili wakaja, wakamnyanyua, wakampeleka chooni, wakamsubiri humo humo ndani. Aliporudi hakumsemesha mtu. Siku zilizofuata alijaribu kuinuka mara chache, kisha akaacha.

Ukoko nikawa nampelekea mimi. "Mkwe, mali yako hii." Aliutazama kama kitu cha mtu mwingine. "Uweke hapo," akasema. Jioni niliukuta pale pale nilipouweka. Nilikasirika kwelikweli, tena nilimkasirikia yeye, nikasema mzee huyu sasa anaringa. Hasira yangu ndivyo ilivyo, inampata aliye karibu.

Kisha kikaja kikohozi. Wakati wa uji huyu anakohoa, yule anakohoa, machozi yanawatoka. Uji wangu! Nilichekecha unga upya, nikaupika mzito, nikaupika mwepesi, nikamgombeza mhudumu kwamba anautia maji njiani. Mimi nilidhani watu wanausema uji wangu kwa kukohoa. Bi Polepole yeye alidhani ni mafua, akafunga madirisha, akawafunika mablanketi, akawa anapita na kipima joto mchana kutwa.

Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichomtisha, na hakujua ni nini. Nilimkuta mara nyingi amesimama mlangoni mwa ukumbi, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. "Mbona kimya hivi?" anasema peke yake. Kipindi cha redio kilikuwa kimekwisha. Hakuna aliyebishana, hakuna aliyeburuta miguu kwenye korido, hakuna mkongojo uliogonga sakafu. Alikuwa ameupigania utulivu ule, na sasa kila akiusikia anahesabu vichwa.

Mkaguzi akarudi, safari hii peke yake. Mama mfupi, mzito, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Bi Polepole alimpokea amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Wakapita pamoja. Joto la maji ya bafuni, kabati la dawa na funguo zake, mlango wa dharura unaofunguka kwa kusukumwa, mitungi ya kuzimia moto, jokofu langu. Alifunua hata mapipa ya unga. "Jiko safi," akaniambia, nami nikavimba kichwa. Kila alipopita, nyuma yake Bi Polepole aligusa tena kilichokwisha kukaguliwa.

"Walioanguka tangu tulipokuja?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

Mkaguzi akavaa miwani akamtazama kitambo. "Hongereni," akasema. "Basi nikae kidogo na wazee wangu."

Ningeweza kumzuia asikae. Fundi pia angeweza. Tulitazamana, kila mtu akamwachia mwenzake.

Kiti cha jirani na Mzee Tarishi kilikuwa wazi, akakikalia, nacho kikampokea vizuri. Akamuuliza mzee habari za usingizi, habari za chakula. Mzee akajibu kwa adabu ya mtu aliyezoea wakubwa: tunashukuru, tunashukuru.

"Na unatembea, baba?"

"Zamani," mzee akasema.

Mkaguzi akavua miwani akaiachia kifuani. Kisha akataka kuinuka. Alijisukuma, miguu ikapaa, kiatu kimoja kikamtoka. Akakamata mikono ya kiti, akajivuta, akarudi chini puu. Bibi mmoja pembeni akacheka. Akafuata mwingine, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia kwa muda mrefu, nacho kikaamua kuja siku hiyo. Bi Polepole alikuwa ameshakimbia na mkono mbele, "Polepole, mama, polepole," lakini mkaguzi hakuushika mkono. Alijiinamisha upande, akatazama miguu ya kiti chake. Akatazama ya kiti cha jirani. Akaufuata mstari wote kwa macho mpaka mwisho.

"Nani amekata viti hivi?"

Fundi alikuwa anakagua dari.

"Mimi," akasema Bi Polepole. "Niliagiza mimi. Ni kwa ajili ya usalama wao."

"Nakuamini," mkaguzi akajibu, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. Nafikiri Bi Polepole angeona nafuu kama angefokewa.

Tukamwinua mkaguzi, akavaa kiatu chake, akaagiza kiti kizima kutoka bwaloni. Tukamhamishia Mzee Tarishi juu yake, miguu ikakanyaga chini sawasawa. "Baba, hebu jaribu kusimama," akamwambia. "Hatukushiki, ila tuko hapa."

Mzee akaweka mikono juu ya magoti. Akainama mbele kama inavyotakiwa, maana alikuwa bado anakumbuka. Akasukuma. Mapaja yakatetemeka ndani ya suruali, makalio yakaachana na kiti kidogo tu, yakarudi. Akapumua, akasukuma tena. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. Mara ya mwisho hakuinuka kabisa. Akatazama chini, kisha akainua macho akimtafuta binti yake.

"Mama," akasema, "miguu yangu imekwenda wapi?"

Nimeona watu wakifariki katika nyumba ile, ndiyo kazi yetu, lakini sijasikia neno likaniumiza kama lile. Bi Polepole alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mkaguzi alitukusanya bwaloni. Alituambia kwamba mwili wa mzee ukikalishwa unasahau kusimama, na unasahau upesi. Akatuambia kwamba mtu akilishwa ameegemea nyuma, chakula kinaweza kupotea njia kikaingia mapafuni, na kwamba kile kikohozi alichokisikia si mafua. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na uji wangu. "Hamkuwafunga kwa mkanda," akasema. "Mmewafunga kwa kiti. Kwangu ni kitu kimoja."

Hakufunga nyumba. Alitupa muda. Viti virudishwe kama vilivyokuwa, wazee wale mezani wakiwa wima, na kila anayeweza asimamishwe na atembezwe kila siku. Kisha akamgeukia Bi Polepole ana kwa ana.

"Na baadhi yao wataanguka. Nikirudi nitakuuliza walianguka vipi na ulifanya nini. Ukiniambia tena kwamba hakuna hata mmoja, nitakagua viti kwanza. Utaiweza kazi hiyo?"

"Nitaiweza," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hataiweza.

Fundi aligundisha vipande vya mbao chini ya miguu ya nyuma, akapigilia, akapiga msasa. Safari hii hakutania. Jioni viti vilikuwa vizima. Miguu ya watu haina gundi, ikachukua muda wake. Yule bibi aliyeanza kucheka alikuwa wa kwanza kufika bwaloni, akavuta kiti kama mwenye mali. Wengine wakafuata kidogo kidogo. Wawili hawakusimama tena, na hilo siwezi kulipamba.

Mzee Tarishi alikuwa wa kuchelewa. Binti yake hakumwachia mhudumu yeyote. Mkaguzi alikuwa ametufundisha: simama ubavuni kwake, mkono karibu na mgongo, uzito aubebe mwenyewe. Bi Polepole alisimama mbele yake, akamkamata chini ya makwapa, akawa anarudi kinyumenyume huku anamvuta, meno ameyauma. Mzee alining'inia pale, vidole vya miguu vikigusa sakafu kwa heshima tu. Akikohoa, wanakaa. Akitikisika, wanakaa. Kila asubuhi niliwatazama nikiwa na mwiko mkononi, na kila asubuhi waliishia pale pale kwenye nguzo ya kwanza. Siku moja nikamtolea uvivu.

"Dada, huyo hatembei. Unambeba."

"Nikimwachia ataanguka."

"Pengine."

"Pengine?" Alinigeukia na mzee wake mikononi. "Unasema pengine kwa sababu si baba yako! Wewe akianguka unarudi jikoni kwako, unapika!"

Alinifokea mbele ya ukumbi mzima, yeye ambaye hajawahi kumfokea hata paka. Mdomo ninao, na jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lakini mzee akanitangulia.

"Mama," akasema. "Nikianguka nitaanguka mimi. Hutaanguka wewe."

Bi Polepole akabaki amemshika. Nikaona vidole vyake vinalegea kwenye shati, kimoja baada ya kingine, vinarudi kushika, vinalegea tena. Akasogea ubavuni. Mzee akabaki amesimama, mkono mmoja kwenye chuma cha ukutani, anayumba. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Nilianza kutabasamu, na ndipo goti la kushoto lilipokunjika. Mkono wa binti ulifika umechelewa. Mzee alikwenda chini kwa ubavu, mkono umelaliwa, nyusi ikapiga ukuta, na mlio wake hata aliye jikoni angeusikia.

Sitaki kusimulia kilio cha Bi Polepole. Mlio ule aliokuwa akiusikia miaka yote ulikuwa umefika, na yeye alikuwa amesimama pale pale akiutazama.

"Msinivute," mzee akasema kutoka sakafuni. "Ngojeni kwanza nipumue."

Daktari akaitwa. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeteguka, nyusi ikashonwa, nyonga ilikuwa salama. Nilimtafuta Bi Polepole nikamkuta kwenye stoo ya shuka, amekaa juu ya marobota.

"Basi," akasema. "Nimejaribu kama walivyotaka. Sijaribu tena. Atakaa kitini, watufungie nyumba wakitaka. Heri akae."

Mimi ni mtu wa sufuria, maneno mazuri sina. Nilikaa naye. Baada ya muda nikamwambia kwamba baba yake ameshafungwa bandeji na analalamika.

"Analalamika nini? Kichwa?"

"Maharage. Anasema ya jana yalizidi chumvi."

Akajifuta uso kwa pembe ya shuka, akaiona ni safi, akaikunja upya. Akatoka, nami sikujua ameamua nini.

Asubuhi iliyofuata alikuja jikoni mapema akaniomba kikombe cha chai ya baba yake. Nikajua yameisha, mzee sasa ni wa kuletewa kila kitu mpaka siku yake ya mwisho. Nikammiminia, nikamfuata nyuma mpaka ukumbini nikiwa na maneno yangu tayari, na safari hii nilikuwa nimeapa kuyasema yote.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkono wenye bandeji juu ya paja, jicho moja limevimba. Bi Polepole akampita. Akavuka ukumbi na kile kikombe, akakiweka juu ya meza iliyo dirishani, upande wa pili kabisa. Akamwita mhudumu akamwambia asimame karibu na mzee, ubavuni, asimguse mpaka ahitajike. Kisha akarudi kwenye ile meza, akavuta kiti, akakaa akimwelekea baba yake, akaikalia mikono yake mwenyewe.

"Baba, chai yako iko huku."

Mzee akakitazama kikombe. Akamtazama binti yake. Akainama mbele, akasukuma kwa mkono ule mzima, akashindwa, na Bi Polepole akaruka kwenye kiti kama aliyepigwa shoti, lakini mikono ikabaki pale alipoikalia. Mzee akasukuma tena, akasimama. Mhudumu akawa anakwenda naye sako kwa bako, kiganja kiko nyuma ya mgongo bila kuugusa. Hatua, kisha kupumzika, hatua, kisha kupumzika. Alipofika pale alipoangukia jana yake alisimama muda mrefu mpaka nikasahau kwamba nina uji motoni. Nilimwona Bi Polepole anatokwa na machozi waziwazi bila kuyafuta, maana mikono hakuitoa.

Mzee akafika. Akashika meza, akajishusha kitini mwenyewe, akavuta kikombe, akaonja.

"Mama, imepoa."

Bi Polepole akajifuta uso kwa bega.

"Kesho nitakuwekea ya moto zaidi, baba," akasema. "Hapa hapa."